Safu ya Mmiliki

Dalali huita, mimi huandika.
Daftari langu lina safu tatu:
kitu, hali yake, mmiliki.
Safu ya tatu huwa naijaza kabla sijabisha hodi.

Siku ile tulipanda Igogo kwa miguu,
gari tumeliacha chini, halipandi huko,
mawe yamekaa kama ng'ombe waliolala.
Deni lilikuwa la Mafuru Mkama:
injini ya boti, farasi kumi na tano,
iliyoporwa usiku upande wa visiwani,
naye akarudi na kasia, na jino moja pungufu.
Injini ilikwenda. Deni halikwenda nayo.

Kochi, la watu watatu, limechanika. Mafuru.
Redio, nzima. Mafuru.
Baiskeli, haina breki. Mafuru.
Friza, nyeupe, inaunguruma,

"Hapo simamisha kalamu," akasema mkewe.

Nyanzobe binti Lushinge, mchuuzi wa sangara Mwaloni.
Hakupaza sauti. Magamba yalikuwa yamemganda mkononi
kama senti zinazokataa kutumika.
Akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga,
ndani yake mfuko wa nailoni,
ndani yake kipande cha khanga,
ndani yake risiti.
Wino umefifia, jina halijafifia:
lake na la baba yake,
mwaka mzima kabla ya harusi.

Dalali akacheka. "Mama, mke na mume ni mwili mmoja."

"Mmoja," akasema. "Lakini mlipomkopesha
mlitaka saini ya mkono upi?
Wangu mlijua uliko. Ulikuwa Mwaloni, ndani ya barafu."

Mwenyekiti wa mtaa, tuliyemleta ashuhudie upande wetu,
akakohoa, akavua kofia, akaivaa tena.
"Sheria ndivyo ilivyo, bwana.
Ndoa haifuti jina la mtu kwenye mali yake.
Alichokuja nacho ni chake, mpaka akitoe mwenyewe."

Dirishani jirani akanong'ona:
mke gani huyu, mume anazama yeye kakumbatia friza?
Aliyejibu ni Mafuru, macho kwenye vidole vya miguu yake:
"Tangu injini iende, tunakula humo.
Ni yake. Andika."

Nikaandika. Mkono ulikuwa mzito,
jina la mwanamke lilikuwa halijawahi kupita safu ile.

Kitanda, mninga, sita kwa sita.
"Cha nani?"
Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake.
"Nusu kwa nusu," akasema Mafuru.
"Godoro langu," akasema Nyanzobe,
na hapo ndipo wote wawili walipocheka,
mara ya kwanza tangu tuingie.
Dalali akasema tupite.

Jioni nikashuka Buzuruga.
Minza alikuwa anamenya viazi, kisu kimoja, taa moja.
Nikakaa, nikaanza kuhesabu kwa macho, kwa mazoea:
meza, viti vinne, ndoo,
na pale pembeni, sakafuni, alama nne za miguu ya chuma
ambazo deki ya miaka sita haijaziondoa.

Cherehani alipewa na shangazi yake wa Magu, siku ya kuagwa.
Niliiuza nilipotaka biashara ya matairi.
Matairi yalikufa, na mimi nikamwambia,
"Tumeuza, mama. Tutanunua nyingine."
Tu. Herufi mbili,
naye hakuwemo hata kwenye moja.

Nikafungua daftari la kazi, ukurasa wa mwisho.
Cherehani, ya miguu, nyeusi.
Hali: haipo.
Mmiliki: Minza Masunga.

Kisu kikanyamaza.
"Unaandika nini mpaka saa hizi?" akauliza,
na mimi nikawa naitafuta hodi
ya nyumba niliyokuwa nimekaa ndani yake.